Herufi Zilizonona za Kilimbili

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si zamani ya mababu bali zamani hii ya juzi ambapo simu ya kupapasa ilikuwa bado inaazimwa, palikuwa na mji wa barabarani uitwao Kilimbili. Malori yalipita, vumbi likabaki. Katika mji huo palikuwa na hoteli ya chakula, hoteli ya mabenchi na mapazia ya khanga, na mwenyewe aliitwa Mwasiti.

Nimesema aliitwa Mwasiti? Nimedanganya. Mwasiti ndilo jina alilopewa. Kuitwa, hakuna aliyemwita. Kilimbili mwanamke huitwa kwa mtoto wake: Mama Tabu, Mama Zuhura, Mama Shida. Mwasiti hakujaliwa mtoto. Mumewe alipokuwa hai, aliitwa Mke wa Ngoda. Ngoda alipofariki, akaitwa Mjane wa Ngoda. Alipofungua hoteli, akaitwa Mama Chakula. Kwa yote hayo aliitika "abee" huku anatabasamu, na kila alipoitika moyo ulimuuma. Hilo hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na wote walikuwa wanamwita Mama Chakula?

Basi ukuta wa hoteli ulikuwa mtupu, na wapita njia wakidhani ni ghala. Mwasiti akaamua uandikwe CHAKULA KIPO. Akamwita Fundi Mbwana, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa bingwa wa kuandika mabango kuanzia Kilimbili mpaka pale lami inapokatika. Lami ilikatika karibu tu, ila hilo hakulitaja.

Sasa ishikeni desturi moja ya mafundi wa rangi wa Kilimbili. Fundi akipaka kwako, anakula kwako. Na si mpaka amalize kazi, la, anakula mpaka rangi ikauke. Waliopanga hivyo walitaka fundi akae ailinde rangi mbichi, isiguswe na mbuzi wala watoto. Nia nzuri kabisa. Lakini mpe mlafi nia nzuri, uone atakavyoilamba.

Fundi Mbwana akaja, akachora herufi ndefu, nyembamba, kila moja na vikucha juu na vikucha chini, kama zile za vyeti vya ndoa. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akajisifu kwa sauti. Mwasiti akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Fundi, hizi zinaumwa?"

"Mama, hii ni herufi ya heshima. Ina vikucha."

"Vikucha vya nini? Zinataka kuwakwaruza wateja wangu? Naandika chakula kipo, wewe unaniwekea herufi zilizokonda namna hii! Dereva akiziona atasema, kama kipo, mbona zenyewe hazijala? Zinenepeshe. Zitie nyama, zishibe."

"Mama, sanaa ina kanuni zake."

"Zinenepeshe, fundi!"

Akazinenepesha huku ananung'unika. Ila vikucha aliviacha pale pale, kwa ukaidi tu. Herufi zikawa kama paka wa buchani, shibe yote ile na kucha bado ziko nje.

Mara uroho ukamshika. Wali wa Mwasiti ulikuwa wali, na kuku wake alikuwa wa kienyeji, si wale wa kusukumwa na dawa. Fundi Mbwana akawaza: rangi hii ikikauka leo, kesho nakula wapi? Akaingia jikoni akijitia kuomba maji, akachota mafuta ya kupikia, akayamimina kwenye kopo la rangi na kukoroga, kisha akazipitia herufi zote upya. Rangi ya namna hiyo haikauki upesi. Inashinda juani inang'aa tu, inakutazama. Asubuhi Mwasiti anagusa, kidole cha buluu. Jioni anagusa, kidole cha buluu. Na kila alipogusa, Fundi Mbwana aliuliza kwa upole mkubwa, "Haijakauka, mama? Basi niongezee mchuzi kidogo."

Ndipo akaja Kihwelo. Kihwelo alikuwa dereva wa lori la mbao, mfupi, mpana wa mgongo, na ndiye mkubwa wa madereva wote wa njia ile. Aliposimama yeye kula, wote walisimama. Akipita bila kusimama, wote walipita. Siku hiyo alikula, akaongeza, akatoka nje kutafuta kivuli, na kivuli kilikuwa pale pale penye maandishi. Mlinzi wa rangi alikuwa wapi? Jikoni, kwenye sahani ya pili.

Kihwelo akauegemea ukuta. Joto lilikuwa limemtoa vipele mgongoni, na ukuta ule ulimfaa. Akajikuna. Akasinzia. Akaamka, akajikuna tena. Kivuli kikisogea, naye anasogea, anasogea huku anajikuna, mpaka ilipofika alasiri alikuwa ameianza CHAKULA na kuimaliza KIPO. Aliposimama, shati lake jeupe lilikuwa la buluu, na ukutani hapakuwa na ukucha hata mmoja. Kila pembe ilikuwa imesuguliwa ikalegea, kila ncha imekuwa duara kama kitumbua. Herufi zilikuwa nene, laini, zimetulia, zimenona.

Fundi Mbwana akatoka na mfupa wa kuku mkononi, akaona, akalia. Alilia machozi ya kweli, nisimsingizie.

"Kazi yangu jamani! Mama, nafuta zote, naanza upya!"

Anaanza upya? Mwasiti akawakumbuka kuku waliobaki bandani. Kuanza upya maana yake kula upya.

"Hufuti kitu," akasema. "Acha hivyo hivyo. Jazia palipokwanguka, kisha uende zako. Kukauka zitakauka zenyewe."

Baadaye Mwasiti alikuwa akisema kwamba aliziacha kwa sababu alizipenda. Mimi nasema aliziacha kwa sababu ya kuku. Labda yote mawili.

Lakini wee! Watu walivyozipenda! Malori yaliyokuwa yakipita moja kwa moja yakaanza kupunguza mwendo. Abiria walichungulia, wakacheka, wakasikia njaa. Mtu akiziona herufi zile aliamini bila kuuliza kwamba humo ndani kuna sufuria kubwa na mpishi asiye na roho mbaya.

Hapo katikati ya mji palikuwa na duka la uchapaji, na humo kijana aitwaye Erasto, aliyesomea uchoraji wa kompyuta katika chuo alichokitaja hata akiagiza chai. Erasto alizipiga picha herufi zile apate kuzicheka. Akawatumia wenzake aliosoma nao: "Oneni tunavyoteseka huku." Wenzake hawakucheka. Wakamjibu, "Nani kachora? Hiki ni kitu kipya! Tutazipataje?" Erasto akakimeza kicheko chake kizima kizima, akaandika: "Ni utafiti wangu. Uko hatua za mwisho."

Mnasikia kijana huyo! Ila nimpe haki yake, kazi aliifanya. Ukutani palikuwa na herufi chache tu za maneno yale mawili. B haikuwapo. M haikuwapo, S haikuwapo. Erasto akakaa akazichora zote zilizokosekana, akizipa tumbo lile lile na mgongo ule ule, akaongeza tarakimu, na alama ya kuuliza yenye kitambi. Akazitia kwenye kompyuta, mtu akibonyeza zinamtokea.

Zikasambaa. Saluni, kinyozi, duka la simu, mgombea udiwani, na yule aliyempinga, wote wakaandikiwa kwa herufi zilizonona. Zikiwa kubwa, ukutani au kwenye bango, ulizisoma toka ng'ambo ya barabara na roho ikachangamka. Zikiwa ndogo, balaa tupu: zilibanana, zikawa madonge, huoni pa kuanzia. Na huzuni hazikuijua kabisa. Familia moja ilichapisha kwazo tangazo la msiba wa babu yao. Watu wakaliona kwa mbali wakadhani ni mgahawa mpya unafunguliwa, wakafika msibani wanauliza leo kuna nini. Hata hivyo nani alijali? Kila mtu alizitaka.

Mwishowe halmashauri nayo ikazitaka. Stendi mpya ingeandikwa kwa herufi hizo, na siku ya kuifungua herufi zenyewe zingetangazwa kwa jina. Maana herufi za kompyuta lazima ziwe na jina. Mwenye kuzitaka huzitafuta kwa jina hilo, na ziendako zinakwenda nalo. "Ziiteni mnavyotaka," wakamwambia Erasto, "mradi jina liwe moja, tena fupi, na tulipate leo. Kesho tunachapa."

Mwasiti alipopata habari hizo mwiko ulimponyoka. Jina! Kitu kilichozaliwa kwenye ukuta wake kiende dunia nzima kikiitwa Mwasiti! Watu asiowajua, katika miji asiyoifika, waseme, "Hapa weka Mwasiti. Hapana, Mwasiti iwe kubwa zaidi." Akajifunga khanga mpya mchana kweupe, akachemsha chai, akawaita wote waliohusika, wanne ukimhesabu na yeye mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Lusewa, hakuitwa. Alikuja mwenyewe, akajiteua kuwa hakimu, na akafungua kesi kwa kuagiza wali.

Fundi Mbwana akaanza. Aliinua mkono wake wa kulia juu kama anaapishwa.

"Mkono uliochora ni huu. Ukuta haujiandiki, jamani. Nitoeni mimi, kinabaki nini? Chokaa. Ziitwe Mbwana."

Kihwelo akacheka mpaka benchi likalia. "Wewe ulichora makucha, bwana! Watu wanapenda makucha?" Akafungua mfuko, akatoa shati. Mke wake alikuwa amelifua mpaka akalisusa, na buluu ilikuwa bado ipo, CHAKULA KIPO imegeuka nyuma mbele. "Ushahidi huu hapa. Uduara wote huu mnaousifia ni kazi ya mgongo wangu. Nitoeni mimi, kinabaki nini? Makucha. Ziitwe Kihwelo."

"Ulikuwa umelala!" Fundi Mbwana akaja juu. "Mtu anadai kazi aliyoifanya usingizini!"

"Na wewe zamu ya ulinzi ilikuwa yako. Ulikuwa wapi?"

Fundi Mbwana akaushusha mkono wake. Alipokuwa kila mtu alipajua.

Erasto akakohoa kisomi. "Wazee wangu, kwa heshima zote. Mlichokuwa nacho kilikuwa doa ukutani. Vijiherufi vichache! Hamkuweza kuandikia hata 'samahani'. Mimi ndiye niliyezikamilisha, mimi ndiye niliyezitoa Kilimbili. Nitoeni mimi, kinabaki nini? Hoteli moja na nzi wake. Ziitwe Erasto."

"Ulizipiga picha uzicheke," Mwasiti akamwambia polepole. "Wenzako wangecheka, ungekuwa unazicheka mpaka leo, mwanangu."

Erasto akaitazama simu yake, ambayo haikuwa imelia.

Bwana Lusewa akajifuta midomo. "Nimewasikiliza. Mimi naona, ili kusiwe na chuki katika mtaa, ziitwe Lusewa. Kiongozi ni wa wote." Watu wakacheka. Akasubiri wamalize. Alipoona hawamalizi, akarudi kwenye wali wake.

Ndipo Mwasiti akasimama. Alikuwa amejiandaa kusema kwa ukali, sauti ikamtoka ndogo.

"Zilikuwa zimekonda. Nani alisema zinenepeshwe? Fundi alitaka kuzifuta. Nani alimkataza? Ukuta ni wangu. Mafuta yaliyoizuia rangi isikauke ni yangu, yalichotwa jikoni kwangu, na mchotaji namjua, msidhani sikuliona dumu linavyopungua. Hata huyu aliyelala alilala kwa shibe ya wali wangu. Nitoeni mimi, kinabaki nini?"

"Brashi hujaishika hata siku moja!" akasema Fundi Mbwana.

"Na ulimkataza kwa ubahili," Kihwelo akadakia. "Ulikuwa unawalilia kuku wako, Mama Chakula. Herufi hukuziona hata kidogo."

"Ndiyo!" Mwasiti akasema, na safari hii sauti ilitoka yote. "Ndiyo, kwa sababu ya kuku. Na wewe ulizisugua kwa sababu ya vipele. Huyu alizilowesha kwa sababu ya tumbo. Huyu alizichukua kwa sababu ya dharau. Nani hapa aliamka asubuhi akasema leo natengeneza herufi? Nani?"

Hata Bwana Lusewa aliacha kutafuna.

"Ila nyinyi majina mnayo," akaendelea. "Fundi, watoto wako wamejaa mtaa mzima, wote wanaitwa wa Mbwana. Kihwelo, jina lako liko mbele ya lori na nyuma ya lori. Erasto bado kijana, utazaa. Mimi nikifa leo mtasema kafa Mama Chakula, kisha mtaulizana jina langu nani mkishanifikisha makaburini. Nalitaka jina hili. Nalitaka mpaka naona haya."

Na alikuwa anaona haya kweli, machozi yanamlengalenga mbele ya watu aliowapakulia wali miaka yote, na hakuyafuta.

Kihwelo hakucheka tena. Alikunja shati lake taratibu, akalirudisha mfukoni.

"Mama Chakula, tumekula kwako kwa wema, na sitaki tutukanane. Lakini tuelewane. Mwili huu ndio uliozizaa herufi hizi, na mimi sidhulumiwi mchana nikatazama. Zikiitwa jina lako, mimi na madereva wangu tunahamia hoteli ya ng'ambo, kwa Mama Tabu."

Wali wa Mama Tabu ulikuwa mgumu, ungeweza kuezekea nyumba, na Kihwelo alilijua hilo. Alikuwa radhi. Mwasiti akayaangalia mabenchi yake. Karibu wote waliokuwa wamekaa pale siku hiyo, na jana yake, na juzi, walikuja kwa sababu lori la Kihwelo lilisimama. Madereva wakiondoka, hoteli haitafika masika. Alijua, na Kihwelo alijua kwamba anajua.

Akashika ukingo wa meza.

"Basi kaleni ng'ambo," akasema. "Mimi wali nitapika tena, hata niwe nautembeza kwenye beseni. Andika, Erasto. Andika Mwasiti."

"Kulitaka jina si kutengeneza herufi!" Fundi Mbwana akapiga kelele. Na hilo, ndugu zangu, tangu hadithi hii ianze, ndilo jambo la maana la kwanza kutoka kinywani mwake.

Erasto akaifungua kompyuta katikati ya sahani chafu. Kisanduku cha jina kiko wazi, kijimstari kinawakawaka ndani yake kikingoja. Akiandika Erasto, hakuna wa kumzuia, na wenzake wa chuoni hawatajua kitu. Akiandika jina lingine lolote, utafiti wake wote umekwisha, na watamcheka yeye badala ya ukuta. Fundi Mbwana amemshika bega. Kihwelo amekwisha kusimama, ana ufunguo wa lori mkononi. Mwasiti amesimama mbele ya meza, macho kwenye kisanduku.

Haya, nyinyi mliokuwa mnakenua meno tangu mwanzo, semeni sasa. Msinijibu kwa huruma, huruma haijachora hata nukta. Na msinijibu kwa ubingwa pia, maana bingwa hapo sijamwona. Mmoja alichora, akataka kufuta. Mmoja aliumba, akiwa anakoroma. Mmoja alikamilisha kile alichokuja kukicheka. Na mmoja aliyaokoa yale matumbo ya duara kwa ajili ya kuku, na leo anaitupa hoteli yake nzima ili yaitwe kwa jina lake. Halmashauri inasubiri, kidole cha Erasto kiko juu ya kibonyezo, na kisanduku kinapokea jina moja tu. Je, aliyestahili ni nani?